Mgonjwa wa Kabatini

Nilipofungua mlango wa fleti yetu alasiri ile, kabla sijaona kitu, nilisikia mtu akipewa pole. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito na ya taratibu, nayo ilitoka nyuma ya pazia la sebuleni. "Pole sana," ilisema. "Pole. Utapona." Kikafuata kimya kifupi, na ndani ya kimya hicho maji yakamiminwa polepole, kama mtu anayemjazia mgeni kikombe na hataki kumwaga hata tone mezani.

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi. Pale Berea, Johannesburg, tulikuwa tunaishi wawili tu, mimi na Mama, na Mama nilikuwa nimemwacha asubuhi akiwa mzima kabisa, anapanda mtaa kwenda Yeoville na mkasi wake mkobani. Nikafunua pazia. Jirani yetu wa mlango wa pili, mzee wa Kitanga anayeuza manukato na kofia nje ya msikiti, alikuwa amesimama mbele ya kabati la nguo lisilo na milango. Mkononi alishika kikombe chetu cha bati. Uso alikuwa ameugeuzia dirishani. Ndani ya kabati, chini ya taa ya zambarau, mmea wa bangi wa Mama ulikuwa umelaza majani yake yote, kama kanga zilizoanikwa siku isiyo na upepo.

"Nimekuja kumtazama mgonjwa," akasema, bila kuutazama.

"Shikamoo, Mzee. Umeingiaje?"

"Marahaba. Mama yako kaniachia ufunguo. Mimi ulevi siujui, mwanangu, na hilo jani wala silitii machoni. Lakini jirani yako auguliwe, wewe ukae kwako unywe chai?"

"Na hayo maji?"

Akakitazama kikombe kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa viatu. "Utamwendea mgonjwa mikono mitupu? Maji hayana kosa."

Mama si mama yangu. Ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi aliyenipangisha chumba mwaka niliokuja Johannesburg na begi moja na hadithi ndefu isiyokwisha, na kwao mwanamke wa umri wake haitwi vingine. Yeye alilala sebuleni kwa hiari yake, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na meza ya kukatia, na fundi, alisema, anapaswa kuamka na kuiona kazi yake kabla hajauona uso wake. Kabati lilikuwa hapo hapo. Milango yake ndiyo iliyokuwa uso wa meza ile.

Mmea ulikuwa wa vidole vyake. Kila kipupwe, baridi kavu ya mji huu inapoingia, vidole vya Mama hukakamaa kama kucha za kuku. Alikuwa akichemsha majani yale kwenye mafuta ya nazi, anayachuja kwa kipande cha leso, kisha anajisugua kwa muda mrefu kabla ya kushika sindano. Sijui kama kilichosaidia ni jani, au mafuta, au kule kusugua. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo alishona, na bila ya hapo hakushona. Na mwaka huo binti yake mkubwa alikuwa anaolewa Lubumbashi. Gauni lilikuwa juu ya meza, jeupe, limekamilika mwili na mikono, limebaki upindo wa chini na shanga za kifuani, kazi yote ya mkono. Basi la Mama lilikuwa linaondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Chupa ya mafuta ilibaki na kidole kimoja cha mafuta, na mmea ambao ungetoa chupa nyingine ulikuwa unakufa.

"Batu wanasema binti wa fundi atavaa nguo ya dukani," aliniambia jioni ile, akivua skafu. "Mi nitawaangalia na macho gani?"

Mtu mzima nchini hapa anaruhusiwa kuotesha bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, mradi iwe faraghani. Mama aliizingatia sana sheria. Alishona pazia zito kulisitiri kabati. Kilichomshinda ni faragha yenyewe, maana siku ya kwanza majani ya chini yalipogeuka manjano, alisimama ukumbini na kuwaeleza majirani, na katika jengo letu ukishasema ndani kuna mgonjwa, hakuna anayekuuliza mgonjwa ni nani wala ana miguu mingapi. Watu huvaa, hubeba kitu, huja.

Walikuja. Wasusi wa kanisani kwake walikuja na machungwa, wakayaweka kwenye rafu ya chini ya kabati, karibu na ndoo ya rangi ambamo mmea ulikuwa umeoteshwa. Waliongea kwa sauti ya chini. Walikaa mstari mmoja kwenye kochi, wanaume wakakaa kwenye ndoo za akiba, na baada ya dakika kama kumi za heshima mmoja angeuliza, "Leo amekula?" Mama angejibu kwa masikitiko, "Hapana, tangu jana ako vilevile." Kabla ya kuaga, kila mmoja angeinuka, achukue kikombe cha bati pale kwenye beseni la maji kando ya kabati, na kumtilia mgonjwa maji kidogo. Mzee wa Tanga, ambaye biashara yake ni harufu, siku moja alimtilia maji ya waridi.

Kila mgeni pia aliacha maelezo ya ugonjwa. Msusi mmoja aliyekulia shambani alisema ni njaa: jani la chini likiwa manjano, mti unakula mwili wake. Mama akanunua samadi ya kuku kwenye duka la bustani akamlisha kwa kijiko, kama anavyolishwa mtoto aliyetoka homani. Siku tatu baadaye ncha za majani ziliungua, zikawa kahawia na kujikunja. Basi ikasemwa ni taa, imemkaribia mno. Mama akachukua futi yake ya kupimia wateja, akapima kutoka utosini mwa mmea mpaka kwenye taa, akaandika kipimo kwenye daftari la mishono kati ya kiuno cha mtu mmoja na mabega ya mwingine, kisha akaipandisha taa kwa utepe wa satini. Hapakuwa na mabadiliko, ila sasa majani yalilegea zaidi, mazito, yamejikunja kuelekea chini kama vidole vya mtu anayekataa kitu.

"Ni baridi," akasema Mama. "Mi mwenyewe baridi inanikamata vidole. Yeye vidole vyake ni majani."

Akashona koti.

Nimevaa nguo nyingi za Mama, na hakuna hata moja iliyonikaa kama koti lile lilivyoikaa ndoo. Lilikatwa kwenye mabaki ya satini ya gauni, likatiwa sufi katikati, na ndani likatiwa bitana ya plastiki ya pazia la bafuni ili maji yasichuruzike na kuharibu kitambaa. Lilikuwa na vifungo vinne na kola. Chini alilifunga kwa mshono wa mara mbili, kama anavyofunga mifuko ya suruali za wanaume, ambao alisema hutia ndani kila kitu mpaka misumari. Ndoo ilikuwa na matundu kitakoni. Mimi niliyajua matundu yale. Niliyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Nililitazama koti, nikalisifu, na wala sikuyakumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema wiki ile. Mimi nilikuwa naandika asubuhi kwenye meza ya kukatia, kando ya gauni, kwa sababu taa ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa na mwanga na joto kuliko pengine pote nyumbani. Kila nilipokwama kwenye sentensi, niliinuka, na kila nilipoinuka, maji yaliyobaki kwenye glasi yangu nilimpa yeye. Nilikwama mara nyingi.

Ikabaki wiki moja kamili kabla ya basi, na usiku huo jani moja la juu likadondoka lenyewe, bila kuguswa, likatua juu ya gauni. Mama aliliokota kwa ncha mbili za vidole. Alikwenda kuketi kitandani, akawa anajaribu kukunja na kukunjua mkono wa kulia, na kidole cha shahada hakikumfuata.

Kesho yake nilishuka Braamfontein kumtafuta Mkenya mmoja niliyemzoea maktabani, anayesomea magonjwa ya mahindi. Nilimweleza habari za mmea, za wageni nikazisahau. Alikubali kuja kwa sharti la kupikiwa sombe na bukari, kisamvu na ugali wa kwao Mama, maana alikuwa amechoka kula mkate wa mwanafunzi. Lifti yetu ilikuwa mbovu, akapanda ngazi akihema, na alipoingia sebuleni alikuta watu wameketi kimya kwenye kochi, mapaja yamebana, machungwa yamepangwa chini ya kabati, na Mzee wa Tanga yuko mlangoni amegeukia ukutani.

Akaninong'oneza, "Wee dada. Mbona hukuniambia kuna matanga?"

"Si matanga. Hawa wamekuja kuona mgonjwa."

"Mgonjwa ako wapi?"

Mama akanyoosha mkono. Mkenya alilitazama koti, kola, vifungo, kisha akamtazama Mama, na nikaona akilimeza neno alilokuwa amelitayarisha. Akapiga magoti. Alishika jani moja akaligeuza, akalitazama tumbo lake kwa kioo cha kukuzia. "Hakuna utitiri," akasema, na watu kochini wakaitikia kwa kuguna, kama watu wanaopewa majibu ya damu. Alinusa juu ya udongo, akarudisha kichwa nyuma haraka. Vijidudu vyeusi, vidogo kuliko chembe ya pilipili manga, viliruka kutoka kwenye udongo. Kisha akashika ndoo kwa mikono miwili ainyanyue, na haikunyanyuka.

"Jani la mmea wenye kiu ni kama karatasi," akasema, bado amepiga magoti. "Hili limevimba. Na ndoo ya mmea wenye kiu unaiinua na mkono moja. Nani huwa anaipea maji?"

"Mimi," akasema Mama. "Kidogo tu. Asubuhi."

"Ni wewe peke yako?"

Kisha msusi wa shambani akakohoa na kusema labda na yeye, kidogo tu, kwa heshima. Mwenzake akasema na yeye. Mzee wa Tanga akauambia ukuta kwamba yeye alimpa kidogo tu, tena mara nyingine ya waridi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Na mimi. Kidogo tu."

Mkenya akaomba ndoo tupu, saizi ileile. Akamwambia kila mtu apite amwonyeshe hicho kidogo chake ni kiasi gani, cha siku moja tu. Basi tukapanga foleni sebuleni, watu wazima, na kikombe cha bati kikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alimimina kwa adabu ileile, taratibu, bila kumwaga nje, na wawili watatu kwa mazoea wakasema pole. Mzee alimimina kinyumenyume ili asiangalie kabati. Nilipofika mimi, nikamimina, nikarudi nyuma ya foleni, nikamimina tena, na tena, mpaka Mama akageuka kunitazama. Foleni ilipokwisha na watu wakarudi kuketi, ndoo ilikuwa imejaa hadi kwenye ukingo.

"Na hiyo ni leo tu," akasema Mkenya. "Manze, nyinyi mmeilevya."

Mzee alishtuka kidogo kusikia hivyo.

"Lakini haiwezekani," akasema msusi. "Maji si yanatoka chini? Ndoo ina matundu."

Hapo Mkenya akafungua kifungo cha kwanza cha koti. Akafungua cha pili. Alipofika cha nne kola ikalegea, na maji ya kahawia yenye harufu ya bwawa yakatoka kwa kishindo kimoja, yakapita chini ya kochi, watu wakanyanyua miguu yote kwa pamoja, na machungwa yakaanza kuelea taratibu kuelekea jikoni. Mzee, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwa ameutazama ule mmea, aligeuka kwa ajili ya mafuriko akauona uso kwa uso. Akafumba macho.

Mama peke yake hakunyanyua miguu. Alisimama ndani ya maji na soksi zake, ameshika koti linalotiririka, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini, ule wa mara mbili. Hakuna uzi uliokuwa umekatika. Hata tone halikuwa limepenya.

"Nilishona muzuri sana," akasema.

Mkenya aliuvuta mmea pamoja na udongo wake. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa kahawia na inateleza, isipokuwa upande mmoja, ambako alituonyesha kichane kidogo cheupe. Akaiondoa ile iliyooza kwa mkasi wa nguo, jambo ambalo siku nyingine Mama asingeliruhusu, akaurudisha kwenye udongo mkavu aliokuwa amebeba kwenye mfuko wa mkate. Sasa utulivu, akasema. Hakuna maji mpaka ndoo iwe nyepesi. Hakuna samadi, hakuna koti, hakuna wageni. Ungeweza kupona, lakini ungechukua wiki nyingi kabla ya kuwa na jani la kuvunwa.

"Jumamosi?" akauliza Mama.

"Jumamosi hapana, Mama."

Mama akampakulia sombe yake, sahani ya kujaa, kisha akaenda kulifunika gauni kwa shuka.

Siku zilizofuata jengo liliteseka. Watu walizoea kuja na hawakujua kuacha. Walibisha, wakaambiwa mgonjwa amekatazwa kuonwa, wakasimama ukumbini na machungwa yao. Mama alitumia tone la mwisho la mafuta Jumanne, akatia shanga chache, akachomeka sindano kwenye upindo, kisha vidole vikamkatalia. Jumatano alinituma kuulizia bei ya upindo kwa fundi mwingine Yeoville. Nilifika mpaka kwenye robot ya kona, ndizo taa za barabarani, ikawaka kijani, nikageuka nikarudi. Nilimwambia nimekuta kumefungwa. Nadhani alijua.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee alibisha. Kanzu yake ilikuwa imenyooshwa, ubani ukamtangulia kuingia. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda kwenye beseni, akakumbuka, akaurudisha. Akabaki katikati ya sebule bila kujua aiweke wapi mikono yake.

"Basi mimi leo nimemletea nini mgonjwa?" akauliza, na haikuwa mzaha.

Mama alikuwa ameketi mezani na gauni mapajani, sindano imechomekwa kwenye upindo pale pale alipoiacha Jumanne. Mzee aliitazama ile sindano kwa muda. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa subana ya shaba iliyobonyea, akaivaa kidoleni. Kofia anazouza huzishona mwenyewe, zile za viua, tundu moja moja, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka likaze. Kofia moja humchukua miezi.

"Nipe hicho kitambaa, bibie. Wewe niambie pa kupita."

"Mzee, hii ni nguo ya bibi harusi."

"Mimi nina mabinti wanne. Nipe."

Jua la kipupwe huiacha sebule yetu mapema, kwa kuwa dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, na balbu yetu ya darini ni ya manjano na dhaifu. Taa ya maana ilikuwa moja. Mzee akabeba stuli akaiweka mbele ya kabati, akachagua uzi mezani kwa mwanga ule, akakaa ameupa mmea mgongo, ukoo mzima wa majani yaliyolegea umemwegemea begani, na gauni la harusi limemwagika magotini mwake likiwa la zambarau kama sisi sote. Mama alikaa pembeni akimwelekeza kwa kidevu. Mimi nilishika upindo usiguse sakafu. Mkenya, aliyekuja kukagua ndoo, akapewa kazi ya kutunga shanga, kwa kuwa macho yake bado ni mapya.

"Huyu nyuma yangu," akauliza Mzee baada ya saa nzima, "anaendeleaje?"

"Ameinua jani moja," nikasema.

"Alhamdulillahi. Mwambie asinipumulie shingoni."

Mshono wa mwisho aliukata kwa meno kabla ya Isha, akaaga. Asubuhi Mama alilibeba gauni mpaka dirishani, kwenye mwanga mweupe wa Jumamosi, na nikamwona amesimama. Nikasogea. Upindo ulikuwa mzuri ajabu, mishono midogo iliyolingana kama meno ya mtoto, na uzi wake wote ulikuwa wa rangi ya waridi. Chini ya taa ile, waridi na nyeupe vilikuwa kitu kimoja, na hakuna kati yetu wanne aliyejua.

Nilisubiri alie. Alipitisha kidole kuzunguka gauni lote, taratibu, mzunguko mzima, mpaka akafika alipoanzia.

"Sitafumua," akasema. "Wakiniuliza, nitawaambia njo vile tunashona Johannesburg."

Akalikunja, akalitia kwenye begi pamoja na lile koti la satini lililofuliwa, sijui la nini. Alivaa makoti yake mawili. Mlangoni aligeuka kuutazama mmea. Jani la juu lilikuwa limesimama, moja, limeinama upande kama mtu anayesikiliza.

"Usimwagilie, mutoto wangu."

"Simwagilii, Mama."

"Mutu akikuja kumuona, umwambie amelala. Na wewe ukikwama na maandishi yako, kunywa maji yako mwenyewe."

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akaweka begi chini, akarudi mpaka kwenye beseni, akachukua kikombe cha bati, akakung'uta tone la mwisho, na kukitumbukiza mkobani kati ya mkasi na pasipoti. Akabeba begi lake. Mlango ukafungwa nyuma yake, na ndani ya mkoba, akishuka ngazi, nikakisikia kikombe kikigonga mkasi, ghorofa baada ya ghorofa.